Zamu ya Lela

Mumias, 4 Machi 2024

Mwanangu Aqil,

Assalaam alaikum. Huku tu wazima. Nyanyako anakula vizuri, miguu ndiyo inayomsumbua, na kila asubuhi anakuulizia akidhani bado uko darasa la sita. Wewe sikuulizi hali, kwa sababu hali yako nimeambiwa na rafiki yako Mumin.

Alinipigia Jumamosi. Unajua simu ya nyanyako inavyopiga kelele, mtu akisema upande wa pili wanasikia mpaka walio kwenye miwa. Uwanja mzima ulijua kwamba mwanangu amekatwa vidole kwenye kibanda cha gemu huko Majengo kabla mimi sijaelewa ninachoambiwa. Nikakata. Haya si mambo ya kusikiwa na watu, na simu yako nasikia iliibwa siku hiyo hiyo. Basi tuandikiane. Bwire, mtoto wa binamu yangu, ni kondakta wa basi la Nairobi. Atakuletea barua zangu na kunirudishia zako, na hana tabia ya kuchungulia.

Nataka unieleze wewe, kwa mkono uliobaki. Nani alishika panga, nani alikushika wewe, na nani alisimama akitazama. Mumin alitaja jina nikadhani sikusikia vizuri, maana mwenye jina hilo alilala kwenye mapaja yangu akiwa mchanga.

Nimekulea peke yangu tangu babako Muhidin afariki. Sikukulea uje kukatwakatwa kama nyama ya supu. Nina hasira ambayo sijui niiweke wapi.

Mamako,
Lela


Majengo, 8 Machi 2024

Mama yangu mpenzi,

Waalaikum salaam, na shikamoo. Homa imeondoka na kidonda kimeanza kukauka, alhamdulillahi. Mwandiko unisamehe. Mkono wa kushoto ndio kwanza umeanza shule.

Ulisikia vizuri. Ni Ndete, wa nyumba ya pili.

Kibanda cha Mumin kina sheria moja: anayefungwa huinuka, anayeshinda hubaki na pedi ya kuchezea mkononi. Sheria hiyo ni ya kila mtu, hata Mumin mwenyewe. Lakini siku hizi Ndete anatembea na vijana wanaomwita Mkubwa, na watu wamezoea kumwacha arudie. Mimi nilimfunga mpaka akaacha kuhesabu mabao. Akasema, "Tunarudia." Nikamwambia, "Amka, buda. Ukichapwa unatoka." Watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Akaniuliza polepole, "Unanicheka mimi?" Kisha akatoka, nikadhani yameisha. Nilikuwa nacheza na mtu mwingine aliporudi na vijana wawili. Mmoja alinikaba shingo. Wa pili aliubana mkono wangu wa kulia juu ya meza ya televisheni, pedi bado nimeishika. Ndete akasema, "Haya, sasa cheza." Panga lilipita kwenye plastiki na mfupa kwa pamoja. Nilisikia pedi ikivunjika kabla sijasikia uchungu. Kimebaki kidole gumba. Vile vingine Mumin aliviokota sakafuni akavitia kwenye mfuko wa maziwa, akanibeba mgongoni hadi hospitali, lakini daktari aliviangalia tu akatikisa kichwa. Watu walikuwa wengi pale kibandani, mama. Wote walitazama.

Nimeandikisha kwa polisi. Wameniambia ningoje. Kazini nako mashine ya kuchomelea mageti inataka mikono miwili, kwa hiyo nashinda kwa Mumin nikitazama wengine wakicheza. Gemu ya mpira siwezi tena, mpira unataka haraka.

Mumin alinionea huruma akatoa diski moja iliyoachwa pale na mtu ambaye hakurudi. Hakuna aliyekuwa akiitaka kwa sababu ndani hamna mpira wala magari. Ni gemu ya Wajapani. Kuna mvulana mwenye nywele zilizosimama na upanga mkubwa kuliko yeye. Kijiji chake kimechomwa na askari wa deraya nyeusi, basi anazunguka nchi akitafuta wenzake wa kwenda nao. Kusoma kwingi, maneno yanashinda gazeti. Nilikuwa karibu kuitoa. Ghafla wakatokea mbwa mwitu, nikashtuka nikaanza kubonyeza ovyo kwa mkono mmoja, nikaona wamesimama. Walikuwa wananingoja.

Hiyo ndiyo gemu yenyewe, mama. Kila mtu ana zamu yake. Ikifika yako, panatokea maneno manne: Piga, Dawa, Jilinde, Kimbia. Mpaka uchague, hakuna atakayekugusa. Ukienda kuswali utarudi umkute adui ameinua makucha vilevile. Nilicheka peke yangu, na sikuwa nimecheka tangu siku ile.

Wenzako unawapa majina mwenyewe. Mvulana ni mimi, mnene wa shoka ni Mumin. Kuna mwanamke wa joho jeupe anayebeba dawa na kuwainua walioanguka. Yeye nimemwita Lela.

Mwanao,
Aqil


Mumias, 10 Machi 2024

Aqil,

Salaam alaikum. Mwezi utaandama kesho au keshokutwa, na maneno haya sitaweza kuyasema nikiwa nimefunga. Kwa hiyo nayasema leo.

Nimesoma barua yako, nikairudia nisije nikakuonea. Umekatwa vidole, na jibu lako ni kucheza gemu. Ndivyo nilivyoelewa.

Huyo Ndete unamjua lakini humjui. Mamake alipolazwa baada ya kumzaa, tukiwa bado tunaishi Majengo, nilimchukua nikamnyonyesha pamoja nawe, wewe titi hili, yeye lile, mpaka mamake aliporudi kwa miguu yake. Kwa dini yetu huyo ni nduguyo wa ziwa. Ni mwanangu. Nikifikiria kwamba maziwa yangu ndiyo yaliyotia nguvu mkono ulioshika panga, natamani ningeyakamulia mchangani. Angekuwa mgeni ningemwachia Mungu.

Wamekwambia ungoje. Subira yavuta heri, lakini waliosema hivyo walikuwa na vidole. Dawa ya moto ni moto. Usipomjibu atarudi, kwa sababu fisi akishakula mguu hukumbuka njia. Utakuja kuniambia mamako alisema.

Bwire amekuletea kifurushi. Ndani ya leso ya zambarau kuna kisu cha babako, kile cha mpini wa pembe. Babako alichinja nacho maisha yake yote, na hakuna mnyama aliyeteseka mkononi mwake. Nimekinoa mwenyewe. Wewe ni mwana wa mchinjaji, hakuna haja nikueleze kinapita wapi.

Na huyo Lela wako mpe upanga. Mimi si wa kutembea nyuma ya watoto nimebeba chupa za dawa.

Mamako,
Lela


Majengo, 23 Machi 2024

Mama,

Assalaam alaikum, na saumu njema. Nyanya mpe salamu zangu, mwambie nimeingia darasa la saba.

Ulisema Ndete atarudi. Wamerudi, yeye na vijana wake. Walisikia kwamba nilienda polisi, wakaja kibandani mchana kweupe, watu wamejaa. Mimi nilikuwa nimeenda dukani kununua tende. Walimtoa Mumin nje wakampiga kwa vyuma vya ujenzi, wakimuuliza kwa nini alinibeba hospitali. Mkono wake umevunjika mahali pawili. Meno ya mbele hana. Televisheni moja waliitupa mtaroni. Nilipofika alikuwa amekaa kwenye matope akitema damu, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Mashine yako ya gemu iko chini ya kitanda, hawakuiona."

Nikaenda nyumbani nikachukua kisu cha baba.

Nilimpata Ndete kwa kinyozi, karibu na msikiti. Alikuwa ameegemeza kichwa nyuma, kitambaa shingoni, povu mashavuni, macho amefumba. Vijana wake hawakuwepo. Nilisimama mlangoni, kisu ndani ya kikoi, na koo lake lilikuwa limelala pale kama la mbuzi aliyeshikwa vizuri. Kinyozi aliniona kwenye kioo. Alirudi nyuma hatua moja. Hakuna ambaye angenizuia.

Nitakwambia kweli kwa sababu wewe husikia uongo hata kwenye karatasi. Niliogopa. Si yeye, niliogopa mkono wangu. Mkono wa kushoto ulikuwa umetulia kabisa, kama wa mtu mwingine, na nikajua kwamba nikiuruhusu utafanya. Kwa kinyozi yule yule ndiko tulikokuwa tukinyolewa pamoja tukiwa watoto, Ndete akifumba macho hivyo hivyo akiogopa mashine. Akafumbua macho. Tukatazamana kwenye kioo mpaka povu likaanza kukauka. Kisha nikaondoka, na mpaka nafika nyumbani sikujua kama nimefanya vizuri au nimefanya ujinga.

Nimerudi kwenye gemu. Nacheza chumbani, Mumin amelala pembeni na plasta yake akinisomea maneno magumu. Upanga nilijaribu kumpa Lela. Mashine imekataa. Kila mtu ana kazi aliyozaliwa nayo, na ya Lela ni dawa tu.

Mwanao,
Aqil


Mumias, 27 Machi 2024

Aqil,

Nimefunga, kwa hiyo nitasema machache.

Koo lilikuwa wazi. Ulikuwa na kisu cha babako. Rafiki yako anatema meno kwenye matope. Ukamwacha anyolewe.

Salamu zangu kwa mashine.

Lela


Majengo, 14 Aprili 2024

Mama yangu,

Assalaam alaikum na Idi njema, ingawa imepita. Hukuandika Idi yote, na barua yako ya mwisho hukujiita mamangu. Iliniuma kuliko panga. Hata hivyo nakuandikia, maana nina jambo kubwa la kukwambia, na nakuomba ulisome mpaka mwisho.

Naanza na gemu, usikasirike. Nimefika mbali. Yule askari wa deraya nyeusi, aliyechoma kijiji mwanzoni, tumemkuta njiani ametupwa na jeshi lake mwenyewe, ana majeraha. Gemu haikuniuliza kama nataka. Ilimtia kwenye kundi letu, ikaniambia nimpe jina. Nilikaa na pedi muda mrefu. Mumin akasema, "Mwite jina lolote tuende." Nikamwita Ndete.

Nilimwita hivyo ili nimtese. Tukienda vitani nilikuwa nampa Lela amri aponye kila mtu isipokuwa yeye. Akianguka namwacha chini, namcheka. Kisha tukafika kwa nyoka wa moto. Akatuunguza sote. Tukarudi, akatuunguza tena. Wiki nzima ilikuwa hivyo, mama, mpaka nikaona kwamba ni Ndete tu anayeweza kubeba ngao ya kupokea ule moto. Nikimwacha afe, Mumin anafuata, kisha mimi, na Lela anabaki amesimama na dawa zake hana wa kumpa. Basi nikampa dawa. Nilimpa huku namtukana kwa sauti. Tukapita.

Najua ni gemu. Sijawa mwendawazimu. Lakini nililala siku hiyo bila kuota panga.

Siku ya pili ya Idi, mamake Ndete alikuja mlangoni kwetu. Alikaa chini kwenye saruji, hakutaka mkeka. Kumbe Ndete naye hana raha. Wale vijana wake wamepata mkubwa mwingine, wamempiga, wamemfukuza. Analala jikoni kwa mamake. Amesema yuko tayari kuja mbele ya watu. Maalim wa madrasa amekubali kusimamia. Tutafanya kwa desturi ya Majengo, ile uliyonisimulia ya enzi za babu: wote mikono mitupu, aliyekosewa anamwosha mikono aliyemkosea, kisha wanakula sinia moja. Ni Ijumaa tarehe 26, baada ya swala, kibandani kwa Mumin, pale pale ilipomwagika damu. Hata Mumin amekubali.

Nataka uwepo. Bila wewe haitakuwa suluhu, itakuwa chakula tu. Wewe ni mama wa mikono yote miwili.

Kisu cha baba nakirudisha kwa Bwire, ndani ya leso ile ile. Sikiamini kukaa chumba kimoja na mimi. Mvua hii imeharibu barabara, kwa hiyo ukichelewa tutakungoja.

Mwanao,
Aqil


Mumias, 20 Aprili 2024

Mwanangu mpenzi Aqil,

Assalaam alaikum warahmatullah. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na Mumin pia, na meno ya mtu si kitu, nyanyako hana hata moja na anatafuna miwa kuliko mimi.

Kifurushi kimefika. Nimekaa nacho siku kadhaa nikifikiri. Nilikuwa mkali kwako. Mama akikasirika husema maneno ambayo hata yeye hayajui yalikotoka, nawe utanisamehe kwa sababu huna mama mwingine.

Nitakuja. Mwambie mamake Ndete asipike, sinia nitalipakua mimi. Nitafika Alhamisi nipike pilau ya nyama kwenye chumba chako, ile mliyokuwa mkigombania ukoko wake. Na birika nitalishika mimi. Mkono wako haujapona, maji yatakumwagikia. Mimi ndiye niliyewaosha mkiwa watoto wachanga, ni haki niwe mimi.

Usimwambie mtu kwamba nililia nilipoandika hivi.

Mamako,
Lela


Nairobi, rumande ya wanawake, 9 Mei 2024

Mwanangu Aqil,

Assalaam alaikum. Mimi ni mzima wa mwili. Tunalala kwa kubanana, lakini kuna mama mmoja wa Dandora ananipa nafasi ukutani kwa sababu ya umri wangu. Barua zetu husomwa kabla ya kutoka. Wasome, sikuficha kitu hata siku yenyewe.

Siku hiyo ulikuwa nyuma yangu, na watu walikuwa wengi, kwa hiyo hukuona uso wa Ndete. Mimi niliuona, na ni lazima nikwambie, la sivyo nitaumwa nalo peke yangu.

Nilikuja na kisu chini ya kawa, kati ya kawa na sinia. Ndiyo. Lakini nakuapia, Aqil, sikuwa nimekata shauri. Njia nzima kutoka Mumias nilikuwa nikisema nitafanya, nikisema sitafanya. Nilipopika, nilipomsikia Maalim akisoma dua, nilipomwona yule mtoto anaingia amekonda, shati la kuazima, nilisema moyoni, Lela, acha. Nilikuwa nimeacha. Nilichukua birika.

Akapiga magoti akanyoosha mikono juu ya beseni. Akasema, "Shikamoo, Mama Lela." Nikaanza kummwagia. Maji yakapita kwenye vidole vyake, na vyote vilikuwepo. Virefu, vizuri, kucha zimekatwa. Alivitanua ili maji yaingie katikati, kama nilivyowafundisha. Nikavitazama, nikakumbuka mfuko wa maziwa.

Sikumbuki kuweka birika chini. Nakumbuka kawa likibingirika na wali ukimwagika. Nilimpiga pale babako alipokuwa akipiga, na kisu kile hakihitaji nguvu. Hakupiga kelele. Alinishika pindo la leso, akanitazama kama mtoto anayeamshwa usingizini, hajui amekosa nini.

Sijutii. Nimeandika sijutii, na nimekaa nikilitazama neno hilo. Niandikie. Nitukane ukitaka, lakini niandikie.

Mamako,
Lela


Nairobi, rumande, 3 Juni 2024

Aqil mwanangu,

Salaam. Bwire alikuja kuniona. Anasema barua uliipokea mkononi mwake, ukaisoma mbele yake, ukaikunja, hukusema neno. Kimya kingi kina mshindo, nami nausubiri.

Nyanyako ameambiwa nimesafiri. Anauliza kama nimekwenda Makka.

Usiku nikifumba macho naona maji yakipita kwenye vidole. Sioni damu, naona maji. Nilisema sijutii. Nilisema uongo, au ilikuwa kweli siku ile na sasa si kweli. Nilikuwa na watoto wawili kwenye kifua changu, Aqil, na nilikuja Nairobi nikawapikia.

Kama hutaki kuniandikia yako, niandikie ya gemu. Yule Lela bado anabeba dawa?

Mamako


Mukuru kwa Njenga, 30 Juni 2024

Mama,

Waalaikum salaam. Mimi na Mumin tu hai. Nianze na hilo kwa sababu ndilo ulilokuwa ukilitaka wakati wote.

Tumehamia huku, chumba cha mabati nyuma ya viwanda. Ndete alipokufa, wale vijana waliomfukuza walikumbuka kwamba alikuwa mwenzao. Walimzika asubuhi. Jioni walichoma kibanda. Mzee aliyekuwa akiuza makaa mlango wa pili hakuwahi kutoka. Mlango wetu waliukata kwa panga, lakini tulikuwa tumeshapita dirishani, Mumin na plasta yake, mimi na mashine kwapani. Sijui kwa nini niliichukua hiyo na si nguo.

Nilikuwa na hasira na wewe, na ningali nayo. Sikuandika kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa tusi, na wewe ni mamangu. Kisu nilikurudishia mimi. Mahali nilikwambia mimi, na siku, na kwamba atakuja mikono mitupu. Nilidhani nakuita kwenye suluhu. Nimelifikiria hilo mpaka kichwa kimechoka.

Kuna jambo hukuliona, kwa sababu walikuwa wamekushika wakikutoa nje. Mimi ndiye niliyebaki na Ndete sakafuni. Maalim alikimbilia gari. Mamake alikuwa amezimia. Niliweka mkono wa kushoto chini ya kichwa chake, na wa kulia, huu uliobaki, nikaubonyeza shingoni. Nilibonyeza kwa nguvu zangu zote, mama. Damu ilipita pale ambapo vidole havipo. Nilijaribu kuliziba jeraha kwa kiganja, nikageuza mkono, ikapita tena. Alikuwa ananitazama. Aliona mkono ni upi. Alijaribu kuushika kwa vidole vyake auongezee nguvu, akaubonyeza pamoja nami, na kwa muda mfupi damu ikapungua. Kisha vidole vyake vikalegea.

Ungemwachia yeye shingo yake, au yeye angeniachia mimi vidole vyangu, angeishi. Sijui nimlaumu nani kwa hesabu hiyo.

Umeuliza ya gemu. Sikuigusa mwezi mzima. Wiki iliyopita tuliunganisha mashine kwenye televisheni ndogo ya jirani, tukaendelea. Tuko vita vya mwisho, mbele yetu yule mfalme aliyewatuma askari wa deraya nyeusi tangu mwanzo. Moto ulikuja, Ndete akaupokea kwa ngao, kama kawaida yake, akaanguka. Mimi nimebaki na uhai kidogo. Mumin pia. Dawa ya kumwinua aliyeanguka imebaki moja. Na zamu ni ya Lela.

Piga, Dawa, Jilinde, Kimbia. Yamekaa pale kwenye kioo. Mumin alinyoosha mkono abonyeze, nikamzuia. Sitaki kukuchagulia. Nitakuja siku ya kesi, nitakaa mbele unione, na tukipata nafasi ya kusema utaniambia nibonyeze nini.

Stima ya huku hupotea kila mara. Ikipotea, narudi nyuma pale nilipoihifadhi gemu, napigana upya, Ndete anaupokea moto upya, mpaka nifike pale pale kwenye zamu yako. Nimeshafanya hivyo mara nyingi. Itakungoja.

Mwanao aliyebaki,
Aqil